Phil Katz: Mtu aliyeacha herufi za jina lake katika kila faili la zip

CHUKUA faili lolote ambalo jina lake linaishia na zip, lifungue kwa programu ya kuandikia maandishi ya kawaida, kisha tazama mwanzo kabisa. Utaona vurugu la alama zisizosomeka, lakini herufi mbili za kwanza zitasomeka bila taabu: P na K. Fanya hivyo kwa barua iliyohifadhiwa na Word ya mwaka 2007 au ya baadaye, au kwa faili la programu ya simu ya Android, na mara nyingi herufi hizo utazikuta pale pale.

Si kifupi cha neno la kitaalamu. Ni mwanzo wa jina la Phil Katz, Mmarekani aliyefariki mwaka 2000 akiwa na umri wa miaka 37, peke yake katika chumba cha moteli. Wachunguzi wa makosa ya kompyuta huzitafuta herufi hizo kila wanaposhuku kwamba kuna kitu kimefichwa ndani ya kitu kingine. Picha ya harusi inaweza kuwa na orodha ya akaunti za benki mgongoni mwake, na kinachowaonyesha wachunguzi ni hizo P na K zilizokaa mahali zisipotakiwa kuwapo.

Phillip Walter Katz alizaliwa Novemba 3, 1962 katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, upande wa kaskazini wa Marekani. Alikuwa mtoto mkimya, asiye na marafiki wengi, na inasimuliwa kwamba jioni zake nyingi zilipita kwenye vikokotoo, vile vya zamani ambavyo mtu aliweza kuviandikia programu fupi. Nafasi ndani ya kikokotoo ilikuwa finyu mno. Aliyetaka kazi yake iingie ilimbidi apunguze hapa na pale, hatua moja moja, kama fundi cherehani aliyepewa kitambaa kisichotosha. Katz aliipenda kazi hiyo.

Alimaliza Shule ya Sekondari ya Nicolet mwaka 1980 na kuhitimu masomo ya kompyuta Chuo Kikuu cha Wisconsin, Milwaukee, mwaka 1984. Akaajiriwa na Allen-Bradley, kampuni inayotengeneza mitambo ya kuongozea mashine za viwandani, na mwaka 1986 akahamia kampuni ndogo ya programu iliyoitwa Graysoft.

Ili kuelewa kilichofuata, msomaji arudishe mawazo kwenye siku zile. Intaneti ya umma haikuwapo. Mwenye kompyuta nyumbani aliunganisha modemu na waya wa simu, akapiga namba ya kompyuta ya mtu mwingine, akasoma matangazo yaliyobandikwa humo na kuchukua mafaili. Modemu ilikuwa ya polepole na dakika za simu zililipiwa. Faili lililobanwa likawa nusu ya ukubwa wake liliokoa nusu ya fedha. Kwa hiyo kubana mafaili halikuwa jambo la wataalamu peke yao. Lilikuwa suala la bili ya mwisho wa mwezi.

Programu iliyotawala kazi hiyo iliitwa ARC, ya Thom Henderson na kampuni yake ya System Enhancement Associates, maarufu kama SEA, ya jimbo la New Jersey. Henderson alikuwa ameyaacha wazi maandishi ya programu yake ili watu wayasome. Katz aliyasoma. Sehemu zilizokuwa zikichelewesha mambo akaziandika upya kwa lugha ya chini kabisa ya mashine. Hata pale alipotumia lugha ya kawaida ya C, aliandika jambo moja kwa njia kadhaa, kisha akachungulia ni ipi iliyozaa amri chache zaidi ndani ya kompyuta.

Alianza kwa kutoa bure programu ya kufungua vifurushi tu, PKXARC. Ilikuwa na kasi ambayo watu hawakuizoea, na ikaenea haraka. Waliokwisha kuionja wakaomba na ya kufunga, naye akaitoa: PKARC. Mwaka 1986 akaanzisha kampuni ya PKWARE ndani ya nyumba huko Glendale, pembezoni mwa Milwaukee, huku mama yake, Hildegard, akimsaidia shughuli za biashara. Utaratibu ulikuwa ule wa kuaminiana: chukua programu, ijaribu, ukiridhika tuma hela. Waliotuma walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1987 Katz aliacha kazi ya kuajiriwa.

Mwaka 1988 SEA ilimfikisha mahakamani ikidai amekiuka hakimiliki na kutumia alama yake ya biashara. Hapa ndipo wapenzi wa Katz hupita haraka wanapomsimulia. Mtaalamu wa nje aliitwa kulinganisha programu mbili, na alichokikuta hakikuwa kwenye hesabu za kubana bali kwenye maelezo, yale maneno ambayo mtunzi wa programu hujiandikia pembeni ili asisahau kila sehemu inafanya nini. Kompyuta haiyasomi, na mtumiaji hayaoni. Katika programu ya Katz, mengi ya maelezo hayo yalikuwa sawa na ya Henderson, pamoja na makosa ya tahajia. Mwanafunzi aliyenakili mtihani wa jirani yake hadi na kosa la jina hawezi kumweleza mwalimu kwamba mawazo yamegongana kwa bahati.

Agosti mwaka huo pande mbili zilipatana. Katz alilipa dola 22,500 kwa ajili ya mrabaha wa nyuma na dola 40,000 za gharama za sheria, na akakubali kuacha kutoa programu zinazofuata mtindo wa ARC kuanzia mwisho wa Januari 1989.

Katika mbao za matangazo za kompyuta hukumu ilikuwa kinyume. SEA, ambayo kwa kweli ilikuwa kampuni ndogo tu, ilichorwa kama tembo anayemkanyaga kijana fundi, na watu wengi wakaapa kutoigusa tena ARC. Mwandishi wa makala haya haoni kwamba Henderson alitendewa haki. Aliiacha kazi yake wazi kwa nia njema, ikachukuliwa, akadai chake kwa njia ya sheria, na kwa kudai huko akapoteza wateja. Kwamba Katz aliifanya programu iwe bora zaidi ni kweli pia. Kweli moja haiifuti nyingine.

Likabaki tatizo la Januari. Katz, akishirikiana na Gary Conway wa kampuni ya Infinity Design Concepts, alibuni mpangilio mpya kabisa wa faili. Rafiki yake, Robert Mahoney, alipendekeza uitwe zip, neno ambalo kwa Kiingereza lina maana ya kwenda kasi. Ulitangazwa Februari 14, 1989, na safari hii Katz alifanya jambo ambalo huenda kesi ndiyo ilimfundisha. Alichapisha maelezo kamili ya jinsi faili la zip linavyojengwa, baiti kwa baiti, na kuruhusu yeyote atengeneze programu ya kulisoma na kuliandika bila kumlipa.

Tuingie ndani ya faili lenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri.

Kifurushi cha zip kimepangwa kama lori la mizigo. Kila mzigo umebandikwa karatasi yake mbele: jina, tarehe, ukubwa kabla na baada ya kubanwa, pamoja na namba ya ukaguzi inayoonyesha kama kuna kilichoharibika njiani. Karatasi hiyo huanza na baiti nne, P na K zikifuatwa na namba 3 na 4. Mwisho wa lori, nyuma ya mizigo yote, kuna orodha kuu inayotaja kila mzigo na mahali ulipo. Baada ya orodha hiyo kuna kijalada kidogo cha kufungia, chenye P, K, 5 na 6, kinachosema orodha inaanzia wapi.

Kwa nini orodha iwekwe nyuma na si mbele kama yaliyomo ya kitabu? Sababu ni disketi. Kifurushi kikubwa kiligawanywa katika disketi tano au kumi, na programu ilipoandika ya kwanza ilikuwa haijajua bado ya mwisho itakuwa na nini. Orodha iliwezekana kuandikwa kazi ikishaisha tu. Waliotumia kompyuta miaka hiyo watakumbuka kero yake: unaweka disketi ya kwanza, mashine inakuomba ya mwisho, unaweka ya mwisho, inakurudisha kwenye ya kwanza. Mimi niliwahi kupoteza kazi ya wiki nzima kwa sababu disketi ya mwisho, ya mwisho hasa, ilikuwa imeliwa na ukungu.

Uamuzi huo wa kuweka orodha mkiani ulifungua mlango ambao bado uko wazi. Programu ya kufungua zip huanzia nyuma, inakitafuta kijalada cha kufungia, inakwenda kwenye orodha, kisha inafuata anwani zilizoandikwa humo. Kilichoko mbele ya mzigo wa kwanza haikihusu. Katz alilijua hilo na alilitumia kwa nia safi. Kulikuwa na vifurushi vinavyojifungua vyenyewe, ambavyo mbele vina programu ndogo na nyuma vina zip, ili mtu asiye na PKZIP naye aweze kuvifungua.

Sasa, programu ya kuonyesha picha za JPEG hufanya kinyume. Huanzia mbele na kusimama inapofika kwenye alama ya mwisho wa picha. Ukiunganisha picha na zip, picha ikitangulia, unapata faili moja lenye nyuso mbili. Anayelifungua kama picha anaona picha. Anayelifungua kama zip anaona mafaili. Hakuna aliyedanganywa na programu yake; kila moja imesoma upande wake.

Si hapo tu pa kujificha. Mkiani mwa zip kuna nafasi ya maoni inayoweza kubeba hadi baiti 65,535, ambayo watumiaji wengi hawajawahi kuitazama. Kila mzigo una uwanja wa ziada wenye ukomo huo huo. Kisha kuna mianya kati ya mzigo na mzigo. Mtu anaweza kuweka faili zima katikati ya lori na asilitaje kwenye orodha kuu, na programu inayofuata orodha italipita kana kwamba halipo. Faili lililofutwa kwa kuondolewa jina tu kwenye orodha linaweza kubaki hivyo hivyo, likiwa na kila neno lake, na mwenyewe akaamini limekwenda.

Mchunguzi naye ana njia zake. Huanza kwa kujumlisha: ukubwa wa mizigo yote iliyotajwa, karatasi zake na orodha. Ikiwa jumla ni pungufu kuliko ukubwa wa faili, kuna abiria asiye na tiketi. Kisha huacha kuiamini orodha na kulipekua faili zima toka mwanzo, baiti moja baada ya nyingine, akitafuta P, K, 3 na 4. Kila anapozipata hulinganisha na orodha kuona kama mzigo huo umetajwa. Faili likianza na kitu kisicho P na K, au P na K zikichomoza mwishoni mwa picha, hapo pana la kuuliza.

Asikurupuke, lakini. Baiti hizo nne zinaweza kujipanga zenyewe ndani ya data iliyobanwa. Uwezekano kwa kila mahali ni mmoja kati ya bilioni 4.29 hivi, ambao ni mdogo, ila diski za siku hizi zina baiti bilioni mamia. Kwa hiyo akizipata husoma zinazofuata: tarehe ina maana? Urefu wa jina ni wa kawaida? Namba ya ukaguzi inakubaliana na kilichomo? Yakilingana yote, amepata mzigo.

Na hata kifurushi kilichofungwa kwa neno la siri husema mengi. Katika ufungaji wa kawaida wa zip kilichofichwa ni maudhui tu. Majina ya mafaili, tarehe na ukubwa hubaki wazi. Kufuli la awali lenyewe, lililobuniwa na Roger Schlafly, lilivunjwa mwaka 1994 na Eli Biham na Paul Kocher, walioonyesha kwamba anayejua kipande kifupi tu cha kilichomo anaweza kupata funguo za kukifungua chote.

Turudi kwa Katz mwenyewe. Kazi yake kubwa zaidi huenda si lori bali namna ya kubana mizigo. PKZIP ya toleo la pili, iliyoenea duniani kama 2.04g mwaka 1993, ilikuja na mbinu iitwayo deflate. Alichukua wazo la Waisraeli wawili, Abraham Lempel na Jacob Ziv, la mwaka 1977: neno likijirudia, usiliandike tena, andika tu limetokea wapi nyuma na lina urefu gani. Akaliunganisha na wazo la Mmarekani David Huffman la mwaka 1952: alama inayotokea mara nyingi ipewe namba fupi, ya nadra ipewe ndefu. Mawazo yote mawili hayakuwa yake. Ufundi wa kuyapatanisha yakaenda kasi kwenye kompyuta duni ulikuwa wake.

Deflate ilielezwa rasmi kwa ajili ya intaneti mwaka 1996, ikaingia kwenye picha za PNG na katika kurasa za tovuti zinazobanwa kabla ya kusafirishwa. Kila siku inafanya kazi ndani ya simu za watu ambao hawajapata kulisikia jina la Milwaukee.

PKWARE ilikuwa ikiingiza mamilioni ya dola. Windows ilipotamalaki, Katz aliyeizoea DOS alichelewa kuifuata, na kampuni ya Nico Mak ikachukua nafasi kwa WinZip iliyotoka mwaka 1991. Vijana waliojifunza kompyuta kwenye kafe za intaneti za miji yetu waliijua hiyo WinZip; jina la Katz halikuwa popote kwenye kioo. Angeweza kupigania soko. Hakuwa na moyo huo, na kufikia wakati huo alikuwa na vita nyingine.

Alikuwa mlevi. Halisemwi hilo hapa kwa kumsuta. Lilishaandikwa na magazeti ya kwao na ndilo lililomuua. Alikosana na mama yake, ambaye aliondoka kwenye kampuni. Ofisini akawa haonekani. Alikamatwa mara kadhaa kwa makosa ya kuendesha gari akiwa amelewa. Nyumba yake ilijaa takataka mpaka majirani wakalalamika kwa mamlaka, na mwenyewe akawa anahama kutoka moteli moja hadi nyingine za bei rahisi, mtu mwenye mamilioni benki. Wafanyakazi wake walimpenda na hawakujua la kufanya.

Aprili 14, 2000 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli mjini Milwaukee, akiwa na chupa tupu ya pombe kali. Uchunguzi ulionyesha alivuja damu ndani kwa ndani kutokana na kongosho lililoharibiwa na ulevi wa muda mrefu.

Mwaka 2001 kampuni yake iliuzwa. Mwaka huo huo Microsoft ilitoa Windows XP, ambayo hufungua zip yenyewe bila kuhitaji programu nyingine. Baadaye Open Office, Word, vitabu vya elektroniki vya EPUB na programu za Android vyote vilijengwa juu ya lori lile lile lenye orodha mkiani.

Mlango nao ukaenda pamoja na lori. Julai 2013 kampuni ya usalama ya Bluebox ilitangaza kasoro katika simu za Android. Programu ya Android ni zip, na simu huikagua sahihi yake kabla ya kuikubali. Ilibainika kwamba mtu akiweka ndani mafaili mawili yenye jina moja, sehemu ya simu inayokagua ilisoma moja, na sehemu inayoiendesha programu ikachukua lingine. Sahihi ilikuwa halali, na kilichoendeshwa ni kingine kabisa. Simu zilizokuwa hatarini zilikadiriwa kufika milioni 900. Google ilikuwa imekwisha kuwapa watengenezaji wa simu kiraka cha kuziba pengo hilo, lakini kila mtengenezaji ilimbidi akipeleke mwenyewe kwa wateja wake, na simu za bei ya chini, ambazo ndizo nyingi huku kwetu, zilikuwa na desturi ya kutoletewa masasisho kabisa.